Mwendo Ulionyooka

4 Machi

Mvua za kwanza zimeanza leo, na leo nimevunja goti la mtu. Naanza na hilo kwa sababu binti yangu, aliyeniachia daftari hili alipokuwa anarudi shule ya bweni, ameniomba niandike mambo ya kweli ili akija likizo asome yote. Anasema afadhali nizungumze na karatasi kuliko ninavyozungumza na nyama buchani. Haya, Tiara wangu, mambo ya kweli ndiyo haya. (Tiara ni mimi niliyemwita hivyo. Mguu wake wa kushoto ni mfupi kidogo tangu azaliwe, na akitembea huyumba kama tiara inayotafuta upepo.)

Asubuhi kijana mwenye fulana ya mistari alinyakua paja la mbuzi kwenye ndoano yangu akatimua mbio. Kwenye uchochoro wa wauza mitumba aliteleza, watu wakamdaka, nami nikafika na shoka la kukatia mifupa. Hapa sokoni tuna utaratibu wetu. Mwizi haguswi kichwani, tusije tukaua. Anapigwa goti kwa upande butu wa shoka, kisha anaachiwa atoke mwenyewe kwa miguu yake kupitia lango kuu, watu wote wakimtazama. Utaratibu huu aliuanzisha marehemu mume wangu, na shoka lilikuwa lake. Nilipiga mara moja tu. Lilitoa mlio ule ule ninaousikia kila siku juu ya gogo langu. Paja nililiosha nikalitundika, mchana likawa limeuzwa.

Sijuti. Siku nikilala na njaa, yule hatakuja kunilisha.

7 Machi

Mvua kutwa. Nzi wengi kuliko wateja.

12 Machi

Leo wamelifunga Jicho. Kazi ni ya shemeji yangu, mdogo wake marehemu, mtu mpole ambaye kuku akichinjwa yeye hutoka nje. Alisoma mbali mambo ya kompyuta, akarudi na ndevu na miwani. Kamati ya soko imempa chumba juu ya lango. Jicho lenyewe ni kamera nyeusi ndogo, haizidi figo ya ng'ombe, na chini yake kuna taa. Ndani yake wametia sura za wezi wanaojulikana. Akipita mtu mwema taa inabaki kijani. Akipita mwizi inageuka nyekundu na king'ora kinalia.

Hata saa nne haijafika kikalia. Mwanamume wa koti la mvua. Walinzi walimkung'uta, zikamwagika pochi za watu kama maharage. Kipara, mkuu wa walinzi, alimlaza, na mimi niliitwa na shoka langu kama mtu anayeitwa kukata keki. Watu walipiga makofi. Mama Vitunguu, jirani yangu wa meza ya pili, alimtemea mate na kunikonyeza.

Usiku huu nitalala bila kuweka kufuli la pili.

20 Machi

Wezi wamejua. Mvua imewapa kisingizio, kila mtu anapita kajifunika kofia na mwavuli. Shemeji amenuna kama mtoto aliyenyang'anywa mpira.

28 Machi

Shemeji alishuka leo akiwa na furaha, akakaa kwenye kigoda changu na kunieleza. Sura mtu anaweza kuificha, alisema, mwendo hawezi. Kila mtu anatembea kwa namna yake, na Jicho sasa linasoma miguu. Amelionyesha video za wezi wote tuliowahi kuwakamata, tangu enzi za kamera ya zamani, likajifunza lenyewe mwizi anatembeaje. Nikamuuliza video hizo alizipata wapi. Akasema hapo hapo langoni, wakati wanatoka.

"Hata yule wako wa paja la mbuzi yumo, shemeji. Yeye ndiye anayeonekana vizuri kuliko wote."

Nilijisikia fahari, kana kwamba nami nimesoma. Nikamfungia maini bure.

2 Aprili

Jicho limelia mara nyingi wiki hii. Leo alikuwa mwanamke wa makamo aliyebeba kapu tupu. Walimkagua, hakuwa na kitu. Nikasikia mteja akiuliza sasa anapigwa kwa lipi. Kipara akajibu, "Hajaiba bado. Jicho limemuwahi." Watu wakacheka. Ni kweli lilikuwa jibu la kuchekesha, hata mimi nilicheka, kisu kikiwa katikati ya mbavu.

Sikwenda na shoka. Nilikuwa na foleni. Siku hizi hawanisubiri, wana marungu yao, na yale marungu hayana macho ya kuchagua goti.

5 Aprili

Mwanamke wa kapu amelazwa. Mama Vitunguu anasema alijitakia.

9 Aprili

Wamemuua Mzee Gunia.

Tiara alisema niandike ya kweli. Mzee Gunia alikuwa hamali wetu. Amenibebea nyama tangu Tiara hajazaliwa, na nyonga yake ililemaa kwa mizigo yetu sisi, si ya mwingine. Alikuwa na mzaha wake mmoja tu: kila akiingia buchani aliinusa ndoano na kuuliza kama huyu ng'ombe alikuwa mtu wa dini. Mwezi uliopita alikuwa mgonjwa kwao. Leo asubuhi aliingia kwa njia ya nyuma, na alipotoka kufuata mzigo ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kupita langoni tangu Jicho lianze kusoma miguu.

Nilisikia king'ora, sikuinua kichwa. Nimeshakizoea, kama mtu anavyozoea mlio wa saa ya ukutani. Nikasikia marungu. Nikasikia mtu anasema, "Mimi jamani, ni mimi." Sauti niliijua, lakini miguu ilikawia kuamini. Nilipotoka walikuwa wamemzunguka mabega kwa mabega, na waliokuwa nyuma walikuwa wanapiga juu ya vichwa vya walio mbele, bila kuona nani yuko chini. Nilipenya kwa viwiko. Nilimpiga mmoja mdomoni akatema jino. Nilipomfikia mzee, uso wake ulikuwa ndani ya mfereji na maji ya mvua yalikuwa yanapita juu yake yakienda mekundu kwenye meza za samaki.

Nikamgeuza. Watu wakamwona. Nikadhani sasa watalia. Badala yake Kipara aliingiza mkono kwenye mfuko wa koti la marehemu akatoa kitunguu, akakiinua juu watu wakione. "Mwizi ni mwizi," alisema. Na watu wote walishusha pumzi. Niliwaona wakishusha. Kile kitunguu kiliwapa ruhusa ya kwenda kula chakula cha mchana.

Kitunguu kile alipewa na Mama Vitunguu asubuhi ya leo, mbele yangu, zawadi ya kumkaribisha. Nilimtazama. Naye alinitazama, kisha akaanza kupanga upya nyanya ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

10 Aprili

Sikulala. Asubuhi nilipanda ngazi hadi chumba cha shemeji, nikamwambia anionyeshe hizo video za wezi. Alikuwa na macho mekundu, hajanyoa. Akanionyesha moja baada ya nyingine. Mtu wa koti la mvua anatoka langoni. Mwingine anatoka. Kijana wa fulana ya mistari anatoka, ameshika goti.

"Shemeji, hawa wote wanachechemea."

"Ni wezi, shemeji."

"Ni wezi tuliowavunja magoti. Umelifundisha kutafuta kazi ya shoka langu."

Alivua miwani. Nafikiri alikuwa ameshajua tangu jana, alikuwa anangoja mtu wa kumwambia. Nikamwambia alizime. Akasema atalipeleka jambo hili kwenye kamati. Nikamwambia alifundishe upya. Akasema atahitaji wezi wapya, na wezi wote wapya wanachechemea vilevile. Ndipo akaongeza jambo lililonikalisha chini. Wakubwa wa kampuni inayouza kamera hizi wamelipenda Jicho. Baada ya mvua litafungwa kwenye vituo vya mabasi, kwenye hospitali, kwenye mageti ya shule.

Nilikuwa na mawazo ya Mzee Gunia tu hadi alipotaja shule. Hapo ndipo nilipomwona Tiara wangu anatoka darasani, anayumba.

"Na mtoto wa kaka yako?" nilimuuliza.

Nilimwacha akiwa ameziba uso, na sikumwonea huruma hata chembe.

13 Aprili

Kamati ilikaa. Shemeji alieleza vizuri, kwa sauti yake ndogo, huku mvua ikipiga bati. Mwenyekiti akamsikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali moja: tangu Jicho lianze, kuna mtu ameibiwa? Hakuna. Ni kweli hakuna. Watu wote wenye miguu mibovu wameacha kuja, na wezi wenye miguu mizima wamegundua inatosha kusimama pembeni na kupiga kelele pamoja na wengine.

Nilisimama nikasema kitunguu kile alipewa, na aliyempa yumo humu. Mama Vitunguu akaapa kwamba kiliibwa. Aliapa kwa watoto wake. Nimekaa naye miaka yote hii, tumekula sahani moja, tumezikiana waume, na leo nilielewa kwamba hasemi uongo kunikomoa mimi. Akisema alikitoa kwa mkono wake, basi alimuua mtu asiye na kosa, maana naye alipiga. Niliona tope la mfereji kwenye mwiko wake siku ile.

Kura zilikuwa upande mmoja: Jicho libaki. Kipara alinisindikiza nje akanishika bega kwa upole. "Mama, usijitafutie," alisema. "Tunakuheshimu. Sisi wote tulijifunza kwako."

15 Aprili

Tiara amekuja likizo. Nilimpitisha njia ya nyuma, juu ya daraja la mbao. Amerefuka. Aliulizia daftari, nikamwambia halijajaa.

16 Aprili

Mto umechukua daraja la nyuma. Sasa nyumba zetu zina mlango mmoja tu wa kwenda duniani, na mlango wenyewe ni lango la soko.

17 Aprili

Nilifikiria mkokoteni, nimfunike na ngozi za ng'ombe. Kipara amenitangulia. Tangazo limebandikwa: kila mtu ashuke, atembee kwa miguu, mmoja mmoja. Nilifikiria shemeji azime siku moja tu, dakika moja tu. Nilikwenda nikamwomba, na nilimwomba kwa jina la kaka yake. Akasema halizimwi tena kutoka hapa. Limeunganishwa na makao makuu ya kampuni, yeye siku hizi ni mtu wa kufuta vumbi kwenye kioo. Alilia. Nami nilikasirika, maana machozi yake hayapitishi mtoto langoni.

Shule inafunguliwa tarehe 6 Mei.

18 Aprili

Nimemwambia Tiara kila kitu kuhusu Mzee Gunia. Alimpenda sana. Hakulia. Aliuliza kama mzee alipiga kelele, nikasema alisema "ni mimi". Kisha akaniuliza mtu akitembea sawasawa wanamfanya nini. Nikasema hawamfanyi kitu.

"Basi nifundishe," alisema.

20 Aprili

Nimekata kipande cha tairi nikakigandisha ndani ya kiatu chake cha kushoto. Nimechora mstari wa mkaa sakafuni, kutoka mlangoni hadi ukutani. Anatembea juu yake. Anayumba.

22 Aprili

Anayumba.

23 Aprili

Nimempiga. Nilikuwa na kipande cha kamba ya kufungia ng'ombe, na kila bega lake la kushoto liliposhuka nililichapa. Jioni mgongo ulikuwa umevimba hadi kiunoni, maana nyonga inataka kwenda inakotaka na yeye anaizuia. Aliposhindwa kabisa alikaa sakafuni.

"Mama, unanipiga kama wao."

"Wao hawataacha ukilia," nilimjibu. "Simama."

Akasimama. Najichukia leo, na kesho nitampiga tena.

26 Aprili

Leo king'ora mara mbili. Cha pili kilikuwa cha mama mjamzito. Kila kinapolia, Tiara hukaza shingo na kuendelea kutembea juu ya mstari. Mvua haikati, ukuta wa chumba umeota ukungu, na sisi tunakwenda na kurudi, mlangoni, ukutani, mlangoni. Jirani aliuliza tunacheza ngoma gani humo ndani.

29 Aprili

Ametoka damu kisigino. Nimebadilisha tairi.

1 Mei

Shemeji alikuja nyumbani, akasimama mlangoni akimtazama mtoto akitembea. Nilitaka kumtupia kiatu. Lakini alivua miwani, akapiga magoti kwenye mkaa, akaanza kumwelekeza: Jicho halitazami uso, mwanangu, linatazama bega, nyonga na muda wa unyayo kukaa chini. Hesabu moyoni, unyayo huu na huu zikae sawa. Alibaki hadi jioni, suruali nyeusi kwa mkaa. Ni mara ya kwanza elimu yake imetusaidia kitu, nami nilimpikia. Nilimwona alivyokonda. Nadhani huyu naye yumo chini ya marungu, ila yake hayaonekani.

4 Mei

Leo amefika ukutani bila kuyumba. Akarudi. Akafika tena. Uso wake haukuwa na kitu, kama mtu anayebeba maji kichwani. Nilipiga kigelegele, yeye hakucheka. Nikagundua kwamba tangu aje likizo sijamsikia akicheka, na kwamba simwiti tena Tiara.

6 Mei

Naandika nikiwa kituo cha mabasi, kwenye benchi la muuza chai. Basi lake limeshaondoka.

Tulifika langoni mapema. Nilitangulia mimi, taa ikabaki kijani. Nikageuka. Alikuja na begi mgongoni, kwenye mvua nyembamba, mbele ya walinzi wote. Kipara alikuwa ananitazama mimi, si yeye, na rungu lilikuwa linagonga gonga paja lake. Binti yangu alipita chini ya Jicho amenyooka kama askari. Bega halikushuka. Meno yake yalikuwa yameuma mdomo hadi ukawa mweupe. Kijani. Kipara akasema, "Maendeleo hayo." Nilimshika mwanangu nikahisi fulana yake imelowa jasho, siyo mvua.

Tulikuwa bado tumeshikana king'ora kilipolia nyuma yetu.

Alikuwa yule kijana wa paja la mbuzi. Fulana ni ile ile, mistari imefifia. Mikono yake ilikuwa mitupu, na goti lake lilikuwa linajikunja upande usio wa kwake. Niliijua ile kazi. Hata ningeonyeshwa magoti ya soko zima ningelitambua la kwangu. Hakujaribu kukimbia, alijua haiwezekani. Alikaa chini tu, akaweka mikono juu ya kichwa, wakamfunika.

Nilitafuta mkono wa mwanangu nimtoe pale. Haukuwepo. Alikuwa ameinama kwenye ukingo wa barabara, nami nikadhani kamba ya kiatu imefunguka. Akainuka na jiwe. Alitembea kuwaelekea wale watu, hatua kwa hatua, amenyooka, akatafuta upenyo kati ya mabega mawili, akalirusha kwa nguvu zake zote. Nilisikia lilipofika. Kisha akageuka, akarudi vilevile alivyokwenda, nyonga sawa, bega sawa, akasimama mbele yangu akihema.

"Mama, nimetembea vizuri?"

Nikamwambia ndiyo. Nilimpandisha basi, nikampangia begi, nikamfuta mkono uliokuwa na udongo. Daftari hili nilikuwa nimelibeba nimpe alisome njiani kama nilivyomwahidi. Nilipolifungua kutazama mara ya mwisho niliona ukurasa wa kwanza, ule wa shoka na fahari zangu, nikalirudisha mkobani. Alinipungia mkono dirishani. Hakuniuliza.

Mvua inaongezeka. Nyumbani ni kule nyuma ya lango, na njia ni hiyo moja. Wote pale wananijua: Kipara, mwenyekiti, Mama Vitunguu, kila mkono unaoshika rungu nimeuuzia nyama. Wanajua nina miguu mizima. Shoka nimeliacha buchani na sitalihitaji.

Muuza chai nitamwachia daftari hili, nimemwambia nisiporudi kulichukua ampelekee shemeji, naye atajua wa kumpa. Ameniuliza ninakwenda wapi. Nimemwambia nyumbani. Kutoka hapa benchini hadi kwenye ngazi za lango nitatembea kama kawaida. Kutoka hapo nitachechemea kama mwanangu alivyozaliwa, polepole, katikati ya njia, nimefunua uso.